Ikisiri si maelezo

Jamani, marejeo yenye maelezo si ku-kopi ikisiri na kupesti. Hiyo mhadhiri kashaisoma zamani. Nilifanya hivyo kwenye mada yangu ya jinsia, elimu ya wasichana Ufipa, nikapata sifuri, nilistahili.

Likizo, nyumbani Pito, nikasoma kitabu chenyewe: Fipa Families cha Kathleen Smythe, 2006, kuhusu familia za Nkasi na wamisionari Wakatoliki, 1880 hadi 1960. Safari hii nikaandika langu: amewahoji wazee wenyewe, hapo ana nguvu, ila anaishia 1960, na binti aliyejifungua, anayeruhusiwa kurudi darasani tangu Novemba 2021, hajioni humo. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipa swali la utafiti wangu.