Kabla ya CRP, Pima Presha

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Izia, Sumbawanga, nikakuta ukoo mzima uko kwenye michango. Nikadhani ni harusi, kumbe ni karatasi ya maabara. Mjomba wangu, fundi seremala wa miaka 54, alikwenda Dar kwa shughuli zake, akashawishika kupima "mwili mzima", na majibu yakaonyesha CRP yake ni 14. Kwenye grupu la ukoo mtu akaandika kwamba hiyo ni dalili ya shambulio la moyo. Magunia ya mahindi yakaanza kutafutiwa wateja ili arudi Dar kwa vipimo zaidi.

"Mpwa wangu, wewe uko chuo, hebu nisomee hii," akaniambia. Mimi nasoma ualimu! Lakini utabishana na mjomba?

Nikasoma. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na jeraha au vijidudu. Mapambano ya namna hiyo huwepo pia ndani ya kuta za mishipa ya moyo inayoziba kwa mafuta, ndiyo maana madaktari huitumia kukadiria hatari: chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, zaidi ya 3 ni kubwa. Ila ikizidi 10, mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2003 unasema tafuta kwanza ugonjwa mwingine, kisha rudia kipimo baada ya wiki mbili. Malaria huipandisha. Hata jino bovu. Na mjomba alikuwa ameketi mbele yangu, shavu limevimba kama ana pipi mdomoni.

Nikamsindikiza zahanati kwa ajili ya jino. Nesi akampima presha: 172 kwa 104. Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini? Hakumbuki. Na sigara anavuta tangu sijazaliwa. Hayo mawili hakuna aliyeyaandika kwenye grupu.

Rafiki yangu wa udaktari ananiambia nisiidharau CRP, na ana hoja. Utafiti wa JUPITER wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watu wenye kolesteroli isiyo kubwa lakini CRP ya juu walipungukiwa na mashambulio ya moyo walipopewa dawa ya rosuvastatini. Sawa. Ila sisi hata presha hatuijui. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za kukadiria hatari ya moyo na kiharusi kwa miaka 10, za kila ukanda, nasi wa Afrika Mashariki tuna yetu. Moja haihitaji maabara kabisa: umri, jinsia, sigara, presha, na uzito ukilinganishwa na urefu. Hakuna gunia la kuuza hapo.

Serikali yetu ya wanafunzi, kwenye wiki ya afya tunapima VVU na kuchangia damu, vizuri sana. Ongezeni meza moja ya presha, na mtufundishe kutumia ile mashine. Tunaokwenda mazoezi ya kufundisha tutakaa wiki kadhaa na walimu wa umri wa mjomba wangu.

Jino liling'olewa, na CRP ilipopimwa tena ikawa 2. Presha bado inamhitaji ameze dawa kila asubuhi. Anameza. Kwenye sigara ndipo tunapogombana.