MATAIRI YA TRELA: SHERIA ILIYOKAZA MBELE IKALEGEA NYUMA

Leo tuziache kidogo siasa za vyama, tuongee matairi. Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya mafundi gereji, lakini subiri kwanza. Humu ndani kuna sheria, kuna biashara, kuna serikali iliyoziba tundu moja ikaliacha lingine wazi, na kuna roho za watu. Hiyo nayo ni siasa tosha.

Tuanzie Marekani, maana ndiko habari ilikoanzia. Kule kuna kitu ambacho huku kwetu hatukioni sana: trela la safari. Ni kijumba cha magurudumu, ndani kina vitanda, jiko, friji na choo, kinavutwa na pikapu. Familia inapakia, inakwenda kukaa mbugani au ufukweni wiki nzima bila kutafuta gesti. Mengi yanaundwa Elkhart na maeneo ya jirani, jimbo la Indiana. Wakati wa korona, watu walipoogopa ndege na hoteli, biashara hiyo ikapaa. Mwaka 2021 viwanda vilipeleka kwa wauzaji matrela na magari-nyumba 600,240, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Sehemu kubwa ilikuwa matrela ya kuvutwa.

Sasa piga hesabu. Tairi la trela, kwa ushauri wa mafundi wengi wa kule, libadilishwe likifika kati ya miaka mitatu na sita, hata kama kashata zake bado ndefu. Maana yake lile wimbi la 2021 limeshaingia umri wa kutafuta matairi mapya. Mwenye trela anasimama kaunta, anaoneshwa aina nne, anaambiwa "yote sawa tu, tofauti ni bei." Je, ni kweli? Na nani anamlinda?

SHERIA ILIKAZA WAPI?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2000 Marekani ilitikiswa na kashfa ya matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye Ford Explorer. Gari likiwa kwenye kasi, ngozi ya juu ya tairi inabanduka, gari linapinduka. Agosti mwaka huo Firestone ikatangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5. Baadaye wakala wa serikali wa usalama barabarani, NHTSA, akahesabu vifo zaidi ya 200.

Bunge lao halikulala. Novemba 2000 Rais Bill Clinton akasaini sheria inayoitwa TREAD. Kutokana nayo yakaja mambo mawili makubwa. La kwanza, kiwango kipya cha kupima matairi, namba 139, kikali kuliko vya zamani. Ndani yake kuna hata jaribio la kulikimbiza tairi likiwa na upepo mdogo, kuona kama litastahimili. La pili, tangu Septemba 2007 gari dogo jipya lazima liwe na kifaa cha kumwashia dereva taa tairi likipungua upepo.

Safi kabisa, utasema. Lakini soma maandishi madogo. Kiwango namba 139 kinatamka chenyewe kwamba hakiyahusu matairi maalum ya trela, yale yenye herufi ST ubavuni. Hayo yakabaki kwenye kiwango cha zamani, namba 119. Na ile taa ya upepo? Ni ya magari, trela halimo.

Umeiona hiyo? Pikapu ya mbele ina ulinzi wa karne hii. Kijumba cha nyuma, chenye mitungi ya gesi na mali ya familia, kinakwenda na ulinzi wa zamani. Na ni barabara ileile, kasi ileile!

KWA NINI TAIRI LA TRELA NDILO LINATESEKA ZAIDI?

Kwanza, dereva halisikii. Tairi la gari likilegea, usukani unakwambia. La trela liko mita kadhaa nyuma, kwa hiyo dereva anakuja kujua pale anapoona vipande kwenye kioo, au mwenzake akimpigia honi. Wakati huo tairi limeshachana sakafu, waya, pengine na bomba la gesi. Trela nalo likianza kuyumba linaweza kuivuta pikapu nje ya barabara.

Pili, trela la ekseli mbili likikata kona matairi yake hayafuati mduara, yanaburuzwa kwa ubavu. Angalia siku moja lori lenye tela likigeuka sehemu finyu, utaona matairi yanavyopinda. Kila mburuzo unatikisa waya za chuma zilizo ndani ya tairi.

Tatu, linakaa bure. Miezi minane limeegeshwa juani na mzigo juu yake, halafu siku moja linatolewa kukimbia kilomita 800. Jua na hewa vinaukausha mpira. Kashata zinaonekana mpya, ndani tairi limeshazeeka.

Nne, kasi. Uzito unaoandikwa kwenye matairi ya ST kwa miaka mingi ulipigiwa hesabu ya mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, yaani kama kilomita 105. Lakini Texas, kati ya Austin na Seguin, kuna barabara ya kulipia ambayo tangu 2012 inaruhusu maili 85, kama kilomita 137. Barabara zimeongezwa kasi, tairi la zamani halikuambiwa.

Yote hayo yanaishia kwenye kitu kimoja: JOTO. Mzigo mkubwa, upepo mdogo na mwendo mkali vinalifanya tairi lijikunje sana, linachemka, matabaka yanaachiana. Ndiyo maana watu wanasema "limepasuka ghafla" wakati ukweli lilianza kufa safari tatu zilizopita.

KISA CHA G159

Wapo watakaosema tatizo ni matairi ya bei poa kutoka China. Wapiga kambi wa Marekani wameyapa hata jina la utani, mabomu ya Kichina. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Tuangalie tairi lenye jina kubwa.

Goodyear walitengeneza tairi la G159 kuanzia 1996 hadi 2003. Lilikuwa la magari ya kusambaza mizigo, likafungwa pia kwenye magari-nyumba, yale yenye injini yake yenyewe, yanayopiga mwendo mrefu wa barabara kuu. Kesi zikafunguliwa, nyingi zikamalizwa kimyakimya na nyaraka zikafungiwa. Katika kesi moja mahakama ya chini ilikuta kampuni haikuwapa walalamikaji matokeo ya vipimo vya joto la tairi hilo. Ikaipiga faini ya dola milioni 2.7, na Aprili 2017 Mahakama Kuu ya Marekani ikaagiza kiasi hicho kipigiwe hesabu upya. NHTSA walianza uchunguzi Desemba 2017. Juni 2022 Goodyear wakakubali kuyarudisha matairi zaidi ya 173,000, huku wakikana kwamba yana kasoro.

Hebu jiulize: tairi la mwisho limetengenezwa 2003, tangazo la kulirudisha linatoka 2022. Miaka 19! Kwa hiyo jina kubwa peke yake halikulindi, na serikali inaweza kufika wakati msiba umeshaanuliwa. Tairi likipewa kazi isiyo yake, linaua, liwe la kampuni gani.

SOMA UBAVU WA TAIRI

Basi mnunuzi abaki na nini? Abaki na macho yake. Tairi limeandikwa kama kitambulisho, shida ni kwamba wengi hatukisomi.

1. Umri. Tafuta herufi DOT, halafu angalia tarakimu nne za mwisho. 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu, kwa hiyo inama uchungulie na upande wa ndani. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka mitatu limeshakula nusu ya maisha yake.

2. Aina. ST ni la trela. LT ni la pikapu na malori madogo. P ni la gari dogo, na likifungwa kwenye trela uzito wake lazima ugawanywe kwa 1.10, yaani unapungua.

3. Uzito. Chukua ST225/75R15. Likiwa na alama ya D linabeba kama kilo 1,152 kwa upepo wa 65. Likiwa na alama ya E linabeba kama kilo 1,284 kwa upepo wa 80. Tuseme trela lina kilo 4,500 na mzigo wake, na kilo 540 zinalalia pikapu. Zinabaki 3,960 kwa matairi manne, yaani 990 kila moja. Kwa D inatosha kwenye karatasi. Lakini mzigo haukai sawa: upande wa jiko na friji unaweza kufika 1,100, na hapo D iko pembeni kabisa ya shimo. E inakuachia nafasi ya kupumua, ila hakikisha rimu nayo inastahimili huo upepo wa 80.

4. Kasi. Herufi ya mwisho: L ni kilomita 120 kwa saa, M ni 130, N ni 140. Mwaka 2017 Goodyear walileta ST iitwayo Endurance, inayotengenezwa Marekani, yenye herufi N. Hiyo si ruhusa ya kukimbia, ni akiba.

5. Upepo. Upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi, kabla ya kila safari. Kwa sababu sheria haikulipa trela taa ya upepo, vipo vifaa vya kufunga kwenye vali vinavyotuma taarifa mpaka kwa dereva. Tena, ukishafunga matairi mapya, kaza nati upya baada ya kilomita kama 80.

NA SISI HUKU JE?

Utaniuliza, trela la safari la Mmarekani linamhusu nini kijana aliyelipia nusu saa ya kafe? Linamhusu. Sheria ya kule haitufiki, lakini zile tarakimu za ubavuni tunazo. Gari la mtumba likishuka Dar au Mombasa kutoka Japani linashuka na matairi yake, yenye tarehe. Tairi la mtumba linalong'aa kwa dawa nyeusi pale barabarani lina tarehe. Tela la lori lililobeba saruji lina tarehe, na dereva wake halisikii kama yule wa Texas asivyolisikia la kwake.

Huku mjadala wetu wa matairi unaishia kwenye kipara. Kikiwepo, tairi bovu. Kisipokuwepo, twende kazi. Lakini tumeona kwamba tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limekufa ndani. Tairi la kuchongwa nalo linaonekana lina kashata! Basi hapo umekagua nini?

Pendekezo langu halihitaji kamati wala semina. Muuzaji wa tairi, liwe jipya au la mtumba, aandike kwenye risiti zile tarakimu nne. Basi. Tairi likipasuka na kuua, tutajua lilikuwa na umri gani, nani aliliuza na lini. Na kabla hilo halijawa sheria, wewe anza. Kaka yako ni konda, mjomba wako ana Noah, jirani ana kirikuu. Waambie wainame wasome. Kusoma tarakimu nne hakuhitaji digrii.

Marekani, pamoja na pesa na wanasheria wake wote, ililiacha trela nje ya mlango. Sisi tusisubiri msiba wa watu 200 ndipo tukumbuke.

Naomba kutoa hoja. Madereva, mafundi pancha na wadau mlioko Unyamwezini mnaoendesha malori, nafasi yenu hiyo hapo chini. Pingeni kwa hoja, matusi hapana.