Mlima Usio na Watu

Kadi za posta za zamani zimerudi kuwa bidhaa. Huchapishwa upya na kuuzwa katika maduka ya Mji Mkongwe, hutiwa fremu na kutundikwa katika kumbi za hoteli, na wengi wanaozitazama huguna kwa majuto yale yale: miji ilikuwa na bustani, mitaa ilikuwa na vivuli, milima ilikuwa ya kijani. Lau majuto hayo yangeishia ukutani, yasingemdhuru mtu. Hayaishii huko. Kadi imekwisha kugeuzwa shahidi, na ushahidi wake hutolewa dhidi ya watu wasiokuwamo katika picha. Jambo hili ladhihirika zaidi Morogoro, mji ambao bustani yake kuu katika kadi si uwanja wa maua, bali ni safu nzima ya milima ya Uluguru.

Kwanza itazamwe kadi yenyewe. Zama zake za neema zilikuwa baina ya mwaka 1900 na Vita vya Kwanza vya Dunia. Picha ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, kisha ikapelekwa kuchapwa Ulaya, mara nyingi Ujerumani, ambako viwanda vya uchapaji wa rangi vilikuwa vimelishika soko la dunia. Huko, fundi ambaye pengine hajapata kuuona mgomba ndiye aliyeamua anga liwe na buluu kiasi gani na mteremko uwe na ukijani upi. Ukijani unaoliliwa leo, basi, aghalabu ni wino. Wala maneno yaliyo chini ya picha hayana uadilifu zaidi. Msomaji wa Unguja anaijua Bustani ya Victoria: ilikuwa ya watu wa nyumbani kwa Sayyid Barghash kabla Sayyid Hamoud hajaifungua kwa umma kwa jina la malkia wa Uingereza. Jina la malkia likachapwa. Historia iliyotangulia ikaachwa nje ya karatasi.

Morogoro ukimya huo ni mzito zaidi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika huko mwaka 1907, na mpiga picha za kadi akapata njia nyepesi. Mpangilio wake haubadiliki sana: mbele ni stesheni, au jengo la serikali, au njia iliyopandwa miti; nyuma ni Uluguru. Mtazamaji hufahamishwa kwamba mji umeanzia hapo, penye reli. Lakini Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta Simbamwene, mji wa Kisabengo, una ukuta na minara, na mtawala wake ni binti wa Kisabengo mwenyewe. Aliporudi mwaka uliofuata, mafuriko yalikuwa yameuvunja ukuta ule. Mji ulikwisha kujengwa na kubomolewa na maji ya mlima muda mrefu kabla ya stesheni.

Kinachokosekana kuliko vyote ni mashamba. Waluguru hulima miteremko, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa upande wa mama, hivyo kila kibonde na kila ukingo una wenyewe. Kwa jicho lililosimama stesheni, shamba la juu huonekana ama kichaka ama kovu. Na mkulima hana hata ukubwa wa nukta.

Na jicho hilo la stesheni ndilo lililokuja kutoa amri. Mwaka 1909 serikali ya Wajerumani ikaitenga misitu ya juu kuwa hifadhi. Waingereza nao, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakaleta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Ukiangalia kutoka bondeni, ngazi hizo zapendeza: mlima umechanwa kama nywele. Shambani mambo yalikuwa mengine. Kuchimba kuliufukia udongo wenye rutuba na kuuweka juu ule wa chini, uliokufa. Jasho likaongezeka na mavuno yakapungua. Julai 1955, huko Matombo, watu wakakataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Siku ile haikuwa mandhari ya kadi.

Watetezi wa kadi husema kwamba hizi ni kumbukumbu tu. Ni kweli kwamba kadi huweza kuonyesha jengo liliposimama na mti ulipopandwa. Ni kweli pia kwamba misitu ya miteremko ya chini imepungua, na kwamba Ruvu, mto unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, hupata maji yake huko. Lakini upungufu wa msitu hupimwa msituni. Haupimwi kwa karatasi yenye urefu wa sentimita 14 na upana wa 9. Anayeinyanyua karatasi hiyo na kutaka wakulima waondolewe ili mlima urudi ulivyokuwa, anataka urudi katika hali iliyopata kuwapo ndani ya kiwanda cha uchapaji peke yake.

Burudani za leo zimeurithi mtazamo huo. Pale Rock Garden, chini ya mlima, mgeni hulipa kiingilio, huketi juu ya majabali na kupigwa picha mto ukimpita nyuma. Wengine hupanda hadi Morningside, kwenye nyumba ya enzi ya Wajerumani, kuutazama mji kutoka juu. Njiani hukutana na wanawake wanaoteremsha mboga na ndizi kwenda sokoni. Mgeni huwapisha kwa adabu, husubiri wapite, kisha ndipo hupiga picha.

Picha za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyekuwa na studio Dar es Salaam, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani na zinaweza kutazamwa. Wanaopenda kadi za zamani wazichukue za Uluguru, wazipeleke Matombo, Mgeta na Kinole, wawape wazee wataje ukingo kwa ukingo: huu ni wa ukoo gani, pale palilimwa nini, mto ule unaitwaje. Kisha zichapwe tena. Nyuma ya kadi kuna mstari mmoja wa katikati. Kulia ni pa anwani, na kushoto kote ni kutupu.