Rusumo: Ghala limekwisha, mitambo nani kaijaribu?

TANGU Aprili 2016, hayati Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame wa Rwanda walipofungua daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha pale Rusumo, wafanyabiashara wengi wamejenga maghala karibu na mpaka. Lakini iko hesabu moja tunayoikwepa, nayo ni gharama ya kuijaribu mitambo kabla ya makabidhiano.

Nasema hivi nikiwa na kidonda. Shemeji yangu, aliyerejea baada ya miaka mingi ugenini, alijenga ghala la samaki lenye chumba cha baridi upande wa Tanzania. Mkandarasi aliweka fungu la majaribio. Mimi ndiye niliyemshauri shemeji alifute. Taa zinawaka, jenereta inanguruma, tunamlipa nani tena?

Ijumaa moja umeme ulikatika. Jenereta iliwaka yenyewe, ila swichi ya kuhamisha umeme haikuhama. Mlinzi alisikia mngurumo, akalala. Mlango ulifunguliwa Jumatatu, na harufu ikatoka kwanza.

Kujaribu si kuwasha taa. Ni kukata umeme makusudi chumba kikiwa kimejaa mzigo, kupima nyaya na njia ya umeme kuingia ardhini, na kuangalia pampu inazunguka upande gani, kwani nyaya mbili za umeme wa njia tatu zikipishana, inazunguka kinyume.

Mwaka 2009 maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani ilichapisha hesabu za majengo 643. Kwa majengo mapya, gharama ya kati ya kazi hii ilikuwa asilimia 0.4 ya ujenzi. Kwa ghala la Sh milioni 200, hiyo ni Sh 800,000. Kwetu itazidi, maana fundi mwenye vipimo huenda akatoka Mwanza au Kigali, na nauli na malazi yake ni yale yale, ghala liwe dogo au kubwa. Ndiyo maana wenye maghala jirani wangefaa kumwita siku moja na kuchangia, na kila mmoja abakize sehemu ya malipo ya mkandarasi hadi aone swichi ikihama kwa macho yake.

Sisi hatuwezi kumdai wetu. Karatasi aliyonayo ina mstari uliofutwa, na saini ya shemeji iko pembeni.