Mabadiliko ya Mtihani wa Usalama wa Mitandao: Tarehe 31 Julai na Hesabu ya Mtahiniwa wa Mkuyuni

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Toleo la zamani la mtihani wa Security+, unaotolewa na taasisi ya kimataifa ya CompTIA, lilifungwa rasmi tarehe 31 Julai, 2024. Toleo hilo, lenye namba SY0-601, lilianza kutumika Novemba 2020. Toleo jipya, SY0-701, lilizinduliwa tarehe 7 Novemba, 2023, na tangu hapo hadi Julai 2024 matoleo yote mawili yalitolewa sambamba. Kuanzia Agosti 2024, mtahiniwa alibaki na mlango mmoja tu.

Kwa mkazi wa Kata ya Mkuyuni, katika Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, mashariki mwa milima ya Uluguru, jambo hili laweza kuonekana la mbali. Hata hivyo, kata hiyo, kama zilivyo kata nyingine za vijijini, ina vijana waliosoma TEHAMA vyuoni na kurejea nyumbani wakitafuta ajira. Mwaka 2024 ada ya mtihani huo ilikuwa takriban dola 400 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni moja. Kwa kaya inayotegemea ndizi, nanasi na viungo, fedha hiyo ni mavuno ya msimu. Kuilipa kwa mtihani usiofaa, au kwa tarehe isiyofaa, ni hasara ambayo familia nzima itaibeba.

Mahitaji ya wataalamu nchini hayana shaka. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Mheshimiwa Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili, 2024. Katika kipimo cha usalama wa mtandao cha Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) cha mwaka 2020, Tanzania ilipata alama 90.58 kati ya 100, ikiwa ya pili baada ya Mauritius katika kanda ya Afrika kwa mpangilio wa shirika hilo. Sheria na alama hizo huhitaji watu wa kuzitekeleza katika halmashauri, benki, hospitali na vyuo.

Cheti cha kimataifa ni njia mojawapo ya kuthibitisha ujuzi huo. Hakichukui nafasi ya stashahada au shahada, wala hakiondoi wajibu wa kufuata taratibu za Tume ya TEHAMA, inayosajili wataalamu wa fani hii nchini. Thamani yake ni kwamba mwajiri wa Dodoma na mwajiri wa Nairobi hukisoma kwa namna moja.

Je, matoleo haya mawili yanatofautianaje? Katika toleo la zamani, uendeshaji wa usalama na kukabiliana na matukio ulibeba asilimia 16 ya mtihani, na utawala, vihatarishi na uzingatiaji wa sheria asilimia 14. Katika toleo jipya, uendeshaji wa usalama umepanda hadi asilimia 28, na usimamizi wa mpango wa usalama umepewa asilimia 20. Mtihani umesogea kutoka kufahamu vifaa kuelekea kazi ya kila siku ya kulinda mfumo na kuutolea hesabu. Mwelekeo huo unalingana na mahitaji ya ndani, kwa kuwa taasisi zinazochakata taarifa binafsi sasa zinawajibika kisheria kwa namna zinavyozitunza.

Jambo moja ambalo watahiniwa wengi hawalifahamu ni kwamba cheti ni kilekile. Aliyefaulu SY0-601 kabla ya kufungwa kwake na aliyefaulu SY0-701 baadaye wote walipata cheti cha Security+ chenye uhai wa miaka mitatu, kinachohuishwa kwa masharti yaleyale. Hivyo, hofu kwamba cheti cha toleo la zamani kingekufa tarehe 31 Julai, 2024 haikuwa na msingi. Kilichofungwa ni mtihani.

Mabadiliko ya aina hii si mageni. Tarehe 10 Juni, 2019, kampuni ya Cisco ilitangaza kupanga upya vyeti vyake kuanzia tarehe 24 Februari, 2020. Cheti cha CCNA Security kilifutwa na masomo ya ngazi hiyo kuunganishwa katika CCNA moja. CCNP Security, iliyokuwa na mitihani minne, ikawa na miwili. Waliokuwa wamefaulu sehemu tu ya mitihani walitakiwa kuikamilisha kabla ya siku hiyo au kufuata utaratibu wa uhamisho. Kipindi cha mpito kilikuwa cha miezi zaidi ya minane, na aliyenufaika nacho ni yule aliyeanza kuhesabu siku mapema.

Kwa kuzingatia hayo, watahiniwa wa kipindi hicho cha mwaka 2024 walikuwa katika makundi matatu. La kwanza lilikuwa la aliyekwisha kusoma toleo la zamani na aliyekuwa akifaulu mitihani ya majaribio. Huyu ilimfaa kufanya SY0-601, lakini bila kungoja wiki ya mwisho. Kanuni za CompTIA huruhusu jaribio la pili bila kusubiri, ila jaribio la tatu hungoja siku 14, na ada hulipwa upya kila mara. Aliyefanya jaribio la kwanza kabla ya katikati ya Julai alibaki na nafasi ya kurudia. Aliyengoja tarehe 30 akashindwa, alikuwa katika hatari ya kulazimika kuanza na toleo jipya.

Kundi la pili lilikuwa la aliyefika nusu. Kwake, kukimbizana na tarehe kulikuwa kuiweka rehani ada ya familia. Misingi mingi aliyoisoma, kama vile usimbaji fiche, udhibiti wa ufikiaji na aina za mashambulizi, ilibaki katika toleo jipya. Ilimfaa kuhamia SY0-701 na kuongeza muda katika sehemu zilizopanuliwa. Kundi la tatu lilikuwa la asiyeanza: hakupaswa kununua kitabu cha zamani hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Yapo pia mambo ya utaratibu. Mtihani waweza kufanywa kituoni au kwa njia ya mtandao. Anayefanyia nyumbani hutakiwa kuwa peke yake chumbani, mbele ya kamera, na intaneti isiyokatika. Pale ambapo umeme au mawimbi si ya uhakika, kituo ni salama zaidi. Safari za treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro, zilizoanza tarehe 14 Juni, 2024 kwa nauli ya daraja la kawaida ya shilingi 13,000, zimerahisisha safari ya kwenda na kurudi. Jina la usajili lifanane na la kitambulisho, kwani tofauti ndogo yaweza kumzuia mtahiniwa mlangoni. Masharti ya vocha nayo yasomwe kabla ya kulipa, hususan tarehe yake ya mwisho.

Vyuo na waajiri wana sehemu yao. Chuo kinachofundisha kwa kufuata mitihani ya nje kitangaze mapema ni toleo gani darasa linaandaliwa, na tangazo la ajira litaje cheti bila kudai namba ya toleo. Wananchi wanashauriwa kuthibitisha tarehe na ada kwa mtoa mtihani mwenyewe kabla ya kumkabidhi wakala fedha yoyote.