Chungu hiki kimefinyangwa na nani?

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makumbusho ya Taifa la Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUANDIKA MAJINA YA WAFINYANZI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kichwa cha barua hapo juu chahusika.

Mimi ni mkusanyaji wa vyungu, mkazi wa Mbeya. Kabati langu na uvungu wa kitanda vimejaa vyungu vya Wakisi, nilivyonunua Lyulilo, jirani na Matema, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Siku ya soko mitumbwi hufika pale kutoka Ikombe, imesheheni vyungu. Wanawake wa huko hufinyanga kwa mkono, hutia nakshi, kisha huchoma uwanjani. Kutoka hapo chungu huenda Kyela na Mbeya, na kila kinapobadilisha mikono bei hupanda. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Siku hizi hata gae hilo halina jina lake.

Mwaka jana mgeni alishika chungu kimoja akauliza, "Kafinyanga nani?" Nikajibu, "Wakisi." Akacheka: "Wakisi wote?"

Nilikosa la kusema. Mtindo mzima wa uchoraji tunauita kwa jina la mtu mmoja, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Chungu tunakiita kwa kabila. Matokeo yake, aliyependa chungu hajui arudi kwa nani kuagiza kingine. Anayemjua mfinyanzi ni mchuuzi, naye hana haraka ya kumtaja. Na Wakisi wana nafuu, soko lao linajulikana. Wafinyanzi wa Upare au wa kisiwa cha Mafia wanatajwa na wachache zaidi.

Naomba mambo matatu.

Kwanza, kila chungu kinachopokelewa kiandikiwe jina la aliyekifinyanga, kijiji chake, udongo ulikochimbwa, na kazi yake: cha kupikia maharage, cha maji au cha pombe.

Pili, chungu kinunuliwe mkononi mwa mfinyanzi mwenyewe, na stakabadhi iandikwe jina lake.

Tatu, Kijiji cha Makumbusho kiwatengee wafinyanzi wa mikoani siku zao za kuuza, kila mmoja na jina lake na namba yake ya simu mbele ya bidhaa zake.

Mtaniambia vya zamani havina tena wa kuulizwa. Nami nilidhani hivyo. Mwezi uliopita nilipeleka Lyulilo picha za vyungu vyangu vitano. Akina mama wakazitazama, wakabishana juu ya midomo na nakshi, wakanipa majina matatu. Wawili walishafariki. Wa tatu alikuwa amekaa pale pale, anapanga vyungu vyake. Nilikuwa nimempita kumsalimu mchuuzi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkusanyaji wa vyungu,
Mbeya.