Si Alishapewa Mguu?

Swali hilo ndilo linalofunga mazungumzo kila anapotajwa askari aliyekatwa mguu vitani: si alishapewa mguu wa bandia, sasa anataka nini tena? Ni imani potofu, na inawaumiza watu walewale tunaowaita mashujaa kila tarehe 25 Julai, mkuki na ngao vikiwekwa mnarani.

Tufanye hesabu. Kijana wa mgambo aliyekwenda kumng'oa Idi Amin akiwa na miaka 20, mwaka 1979, leo anakaribia 70. Mguu wa bandia hudumu miaka mitatu hadi mitano hivi. Kigutu nacho hakibaki vilevile. Misuli hunywea, mwili hunenepa au kukonda, na soketi iliyomkaa vizuri inaanza kucheza, inachubua ngozi, kisha kidonda. Tangu vita viishe mtu huyo amehitaji miguu isiyopungua tisa. Sisi tunamhesabia ule wa kwanza.

Na hapo hatujafika shambani. Mkulima wa Mwankoko, Singida, hatembei kwenye vigae. Anapalilia alizeti na uwele kwa jembe la mkono, kainama, udongo umelowa. Wayo wa bandia wa kawaida hauna kifundo kinachokunjika, hivyo kila tuta analolikanyaga goti ndilo linalolipa. Jua likipanda, jasho linajaa ndani ya soketi na ngozi inalainika tayari kuchunika. Aliyekatwa juu ya goti, choo cha kuchuchumaa kwake ni mateso ya kila siku, na nani atakayemsimulia? Ndiyo maana wapo wanaouvua mguu na kurudia magongo, na majirani wakawaita wavivu. Uvivu gani? Mtu anakinga kigutu chake kisikatwe mara ya pili!

Utaalamu tunao. TATCOT, pale KCMC Moshi, inafundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Lakini kumpandisha mzee basi kutoka Singida, apite Babati na Arusha hadi Moshi, kwa sababu soketi imelegea, ni kumwambia kwa adabu abaki nyumbani.

Wala hili si la wazee peke yao. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wetu walishambuliwa Semuliki, Kivu Kaskazini. Baadhi yao waliuawa, na makumi wakajeruhiwa. Majeruhi hao nao watazeeka miongoni mwetu.

Wapo watakaouliza kwa nini askari apendelewe, wakati bodaboda na kisukari vinakata miguu kila siku. Sisemi apendelewe. Fundi atakayekuja kwa ajili yake atawahudumia na hao. Ninachotaka ni kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, sheria ya mwaka 2023, kitaje waziwazi matengenezo na soketi mpya maisha yote ya mtu, na fundi awe na siku zake Singida zinazotangazwa kwenye kata, kabla ya palizi kuanza.